Ruhusa Niliyompa Mzee Luhende

Nianze na upumbavu wa kwanza, maana upo wa pili, na huo wa pili ndio ulionikalisha chini niandike. Wa kwanza ni huu: niliruka bwawa la mwalo ili wasichana wa darasa letu wanione, na nilipoumia nikapaka kidonda dawa ya mswaki.

Mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Kwetu Rwamgasa ipo mingi kama vibanda vya chipsi. Huo wetu ulikuwa nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe ambako kaka zangu mapacha, Kulwa na Doto, wanafanya kazi. Mimi ni Shija. Kwa Wasukuma anayefuata baada ya mapacha ndiye Shija, kwa hiyo hata jina langu linatangaza kwamba nilifika wengine wameshashangiliwa. Pengine ndiyo maana napenda sana kushangiliwa. Basi niliruka. Sehemu kubwa ya mwili wangu ilivuka. Mguu wa kushoto ulibaki nyuma, ukakutana na bati la pipa lililojificha kwenye tope, likanichana ugoko mpaka nikaona cheupe.

Wasichana walicheka, nikahesabu kwamba zoezi limefaulu.

Dawa ya mswaki ilikuwa ushauri wa rafiki yangu, eti inapoza. Kwa muda kidonda changu kilinukia vizuri kuliko midomo ya darasa zima. Mama aliponiuliza mbona nachechemea, nilimwambia ndiyo mwendo wa vijana siku hizi. Alinitazama, akasema, "Haya, kijana wa siku hizi, kachote maji." Nikaenda na ndoo, nikachechemea kwa mtindo.

Kidonda kilifunga juu, kikaoza chini. Mvua zilipokolea, watu wakiwa mashambani wanapanda mpunga, mguu ulikuwa umevimba kama boga na mimi natetemeka kwa homa. Zahanati walinichoma sindano. Kituo cha afya wakanichoma nyingine, kisha wakasema twende mbele. Mbele ikawa hospitali moja upande wa Shinyanga, kwa sababu mama mdogo anaishi karibu nayo na mama angepata jiko la kupikia. Sitaitaja jina. Walinitibu, mguu ninao, na waliyonifanyia vibaya nimesikia kwa watu wengi kwamba wamefanyiwa kwingine pia.

Wewe unayesoma hili ukiwa umelazwa, au una mtu wako amelazwa, jua kwanza kwamba hospitali ni kusubiri. Unasubiri kuandikishwa, unasubiri picha ya mfupa, unasubiri mwenye picha arudi kutoka kunywa chai. Benchi la pale picha lilikuwa limelika katikati kwa makalio ya watu, na mimi nilikaa palepale penye bonde kwa sababu wengine wote walikuwa wameshajipanga kulizunguka. Halafu mwili nao unaanza mambo yake bila kukuuliza. Paja langu lilikonda, chini ya goti pakanenepa. Suruali ya shule, iliyokuwa inanibana, ikawa inahitaji kamba. Nikaanza kunuka. Hakuna anayekwambia kwamba unanuka, utajua tu kwa jinsi wageni wanavyochagua pa kukaa. Mama alichoma maganda ya chungwa kwa sindano na uzi, akayatundika kwenye chandarua changu kama mapambo ya harusi. Hakusema ya nini. Mpaka leo nikimenya chungwa nalazimika kwanza kuketi.

Na kulikuwa na raundi.

Asubuhi, kabla uji haujapoa, Sista alikuwa anasimama mlangoni na kupaza sauti: "Raundi! Ndugu wote nje!" Ndugu wanakusanya chupa za chai na mabakuli, wanatoka. Mama, ambaye Kiswahili chake kimelelewa na Kisukuma, aliita "laundi", na alikuwa wa mwisho kutoka kila siku. Alikuwa anasimama nje ya dirisha langu, pua yake kwenye wavu wa mbu, hasikii kitu. Kisha msafara unaingia. Mbele Daktari Mkubwa, miwani kwenye paji la uso, nyuma yake makoti meupe yanayopungua urefu mpaka kufikia wanafunzi ambao makoti yao bado yana mikunjo ya dukani. Wanafika kitandani, shuka linafunuliwa hadi kiunoni, wodi nzima inakuona ulivyoumbwa, na Kiingereza kinaanza kupita juu yako kama ndege za mgodini. Kisha wanahama. Shuka unajirudishia mwenyewe.

Majina yetu hayakutumika. Mimi nilikuwa "Ostio" na kitu kirefu mbele yake. Jirani yangu wa kulia alikuwa "Futi", kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa sukari iliyoshukia mguuni. Mtu mwenye futi sita na ushee, anaitwa Futi moja! Nilipomweleza alicheka mpaka kitanda kikalia.

Huyo ndiye Mzee Luhende. Alikuwa mchimbaji wa almasi kutoka Maganzo, mikono yake kama mizizi. Alikuja wodini amevaa katambuga, zile ndala za tairi la gari, lakini mguu mbovu ulikuwa umefungwa bendeji, kwa hiyo alivaa moja tu. Ya pili aliiweka chini ya kitanda, kidole gumba kikielekea mlangoni. "Hiyo inasubiri," aliniambia. "Siku mguu ukipona, inajua njia."

Alikuwa na haraka. Kule Maganzo, yeye na wenzake walikuwa wamechimba shimo moja tangu kiangazi, na sasa walikaribia changarawe yenyewe. "Mjukuu, almasi haimsubiri mgonjwa," aliniambia. "Chekeche likitikiswa nawe hupo, utaambiwa zilitoka kokoto." Kila siku alikuwa na ombi moja tu kwa dunia nzima: kwenda nyumbani. Na akanikubali mara moja kuwa mjukuu, kwa hiyo nikamwita guku, yaani babu, nikapata haki ya kumtania. Nilimwambia almasi zote ameshazila, ndiyo maana ana sukari. Aliniambia mimi dhahabu sijaila, ila mguu wangu ndio unaonuka kama machimbo.

Sasa ukalimani wangu ulianza hivi. Pembeni alikuwepo mwanaume mmoja wa tumbo, aliyekuwa apasuliwe. Raundi ilipofika kwake, Daktari Mkubwa akasema kwa Kiingereza asipewe kitu kupitia mdomoni. Mdomo kwa Kiingereza chao, ukiusikia kwa sikio la mtu wa Kishapu kama yeye, unasikika "mauti". Msafara ulipotoka, yule bwana alikuwa anatokwa na machozi. Akamwita kaka yake dirishani, akaanza kumgawia ng'ombe: huyu wa mama, hawa wa mahari ya mwanangu Mabula. Nikauliza kulikoni. "Amesema mauti," akajibu. "Kalitaja mwenyewe, nimesikia."

"Hapana, baba. Amesema mdomo. Usile mpaka upasuliwe."

Wodi ikapasuka kwa kicheko, yule bwana akicheka kuliko wote huku anajifuta machozi, na kaka yake dirishani akauliza kwa huzuni kidogo kama wale ng'ombe ndiyo basi. Tangu siku hiyo nikaitwa Mkalimani. Kila msafara ulipotoka, vichwa viligeuka kwangu: "Wamesemaje?"

Nikwambie ukweli, sikuwa nazijua hata nusu ya zile sentensi. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, cha kuandika barua kwa mjomba asiyekuwepo. Lakini ukishakuwa na wodi nzima inakusubiri ufungue mdomo, huwezi kuufungua ukatoa upepo. Nilichokamata nilikitafsiri. Nisichokamata nilikishona kwa uzi wangu. "Wamesema damu yako inaendelea vizuri." "Wamesema unywe maji." Nani ameumia kwa kunywa maji? Mama naye alipoingia na kuuliza, nilimpa habari zilizochujwa, tamu tupu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali baada ya mvua. Msafara ulifika kwa Mzee Luhende. Walifungua bendeji, wakafunua. Daktari Mkubwa aliinama, akanusa, akasema maneno mengi, na ndani yake nikakamata moja: dischaji. Akalirudia, akionesha kwa kalamu. Dischaji. Wanafunzi wakaandika. Wakafunga, wakahama.

"Wamesemaje, mjukuu?"

Neno hilo nililijua. Nani asiyelijua wodini? Sista mwenyewe kila siku husema, "Leo nina dischaji wawili," na hao wawili huonekana wanakunja mashuka na kwenda zao. Sikujua, na shuleni hatukufundishwa, kwamba kwa madaktari neno hilohilo ndilo usaha unaotoka kidondani. Lakini nililiona jambo moja, na hili ndilo linalonikaa kooni: niliuona uso wa Daktari Mkubwa alipokuwa anasema. Haukuwa uso wa mtu anayemwambia mwenzake nenda nyumbani. Niliuona, nikaupuuza, kwa sababu nilikuwa nimeshapata wazo la mchezo.

Nilisimama juu ya kitanda kwa mguu mmoja. Nikaning'iniza kikombe cha uji kifuani kwa kamba ya suruali, nikapandisha miwani nisiyokuwa nayo kwenye paji la uso. "Mzee Luhende wa Maganzo," nikasema kwa sauti nzito, "kwa mamlaka niliyopewa na kitanda hiki, leo nakuruhusu. Dischaji!"

Wodi ilipiga makofi. Mzee Luhende hakupiga. Alikuwa ameshika viganja vyake pamoja kama mtu anayepokea kitu, akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mjukuu. Wabeja."

Mchana, Sista akiwa peke yake na wagonjwa wa wodi mbili, Mzee Luhende aliomba kwenda kuota jua kwenye benchi la nje. Mkwe wake alikuwa amekuja kumletea ugali, na amekuja na pikipiki. Kupitia dirishani niliwaona wakiinuka. Alinipungia mkono. Mimi nikampigia saluti.

Jioni Sista alikuja na trei ya bendeji, akakuta kitanda kitupu. "Futi yuko wapi?"

"Si amepewa dischaji?" mmoja akajibu.

"Nani kampa?"

Wodi nzima ilikohoa. Hakuna aliyenitaja. Pengine walinihurumia, au nao walikuwa wamepiga makofi. Sista akaandika "mtoro", akakung'uta shuka, akaondoka. Chini ya kitanda ile katambuga ilibaki. Alikuwa ameisahau, au aliona kazi yake bado. Mfagiaji alikuja asubuhi, akaisogeza kwa ufagio, akairudisha palepale, kidole kikielekea mlangoni.

Walimrudisha wiki iliyofuata, asubuhi, wakati wa raundi. Machela ilipita katikati ya wodi yetu kwa sababu ndiyo njia ya kwenda chumba cha wagonjwa mahututi. Mguu ulikuwa mweusi mpaka gotini na harufu ilifika kabla yake. Msafara ulisimama pale pale, karibu na kitanda changu, makoti yakamzunguka, na Kiingereza kikaanza, haraka kuliko siku zote. Yeye alikuwa anageuza kichwa huku na huku katikati ya yale makoti. Nilifikiri anatafuta hewa. Alikuwa ananitafuta mimi.

"Wamesemaje, mjukuu?"

Makoti yote yalinigeukia. Sikuwa nimeelewa hata neno moja. Nikamjibu, "Wamesema utapona, guku."

Akaridhika. Nilimwona kabisa akiridhika, akaegesha kichwa. Wakamsukuma. Kabla uji wa kesho yake haujagawiwa, kilio cha mkwe wake kilisikika koridoni, na mimi nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa.

Baada ya hapo sikutania mtu. Wodi iliuliza "Wamesemaje?" nikajifanya nimelala. Kitanda cha kulia kilipata mgonjwa mwingine, kijana aliyeumia kwa ajali ya pikipiki, lakini nilipofumba macho wakati wa raundi, niliisikia ile sauti katikati ya makoti, ikiuliza kwa upole kabisa. Katambuga niliihamisha chini ya kitanda changu kwa kutumia gongo, ili kijana wa pikipiki asije akaivaa. Mama aliona nimebadilika. Alidhani ugonjwa umepanda kichwani. Aliniletea karanga, akaniambia kisa cha jogoo wa mama mdogo aliyeingia kanisani, kisa nilichokuwa ninakipenda, na mimi nikatazama dari.

Kisha zamu yangu ikafika. Asubuhi moja walisimama kwangu muda mrefu mno. Waliinua picha ya mfupa kuelekea dirishani, kwa hiyo mama, kutoka nje, aliuona mfupa wangu na nyuso zao kwa pamoja. Nikasikia neno ambalo hata kidato cha pili wanalijua, kwa sababu wodini lilikuwa linatembea, lenye maana ya kukata mguu. Wakafunika picha, wakahama.

Mama aliingia mbio. "Shija, wamesemaje?"

Nililala nimeelekea ukutani. Nilikuwa nataka kusema, lakini kila neno lililokuja lilikuwa na sauti ya yule mkalimani mwenye kikombe kifuani. Mama akakaa, akaanza kunikanda mguu mzima, ule wa kulia, kwa sababu wa kushoto hakuthubutu.

Baba alipiga simu siku hiyo kutoka Chunya, alikokwenda kufuata dhahabu miaka mingi iliyopita, na ambako dhahabu nayo inamkimbia. Mama alikuwa amemwambia alivyoona dirishani, pamoja na minong'ono ya kukata aliyoisikia wodini. Sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka kwangu: "Wasimkate mwanangu! Mtoe huko umpeleke kwa mtaalamu, nyumbani wapo watu wanaounga mifupa!"

"Wewe uko Chunya," mama akasema. "Mguu uko hapa." Akakata. Sikuwahi kumwona akimkatia baba simu. Akaifunga simu kwenye ncha ya kitenge.

Raundi ya kesho yake, Sista alitangaza, ndugu wakatoka, msafara ukafika kwangu. Mwanafunzi mmoja alishika shuka ili anifunue. Nikalishika nami. Akavuta. Nikavuta. Wengine wakacheka kidogo, wakidhani ni zile mbwembwe zangu.

"Mpaka mama yangu aingie," nikasema. "Na mseme Kiswahili."

"Kijana, tuna wagonjwa wengi," Daktari Mkubwa alisema.

"Yule babu wa Maganzo mliyemwita Futi, ni mimi niliyemruhusu." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Mlisema dischaji. Akaniuliza, nikamwambia ni ruhusa. Mngemwambia wenyewe asingeniuliza mimi."

Daktari Mkubwa alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia juu ya goti. Alitazama kitanda cha kulia, ingawa aliyelala pale alikuwa kijana wa pikipiki. Kisha akasema taratibu, "Nililisema mara mbili lile neno. Nakumbuka." Akageuka. "Leteni stuli. Na mama yake."

Mama aliingia na mikono inayonuka vitunguu, amekunja magoti nusu kama mtu anayeingia ofisi ya mkuu wa shule. "Shikamoo, dokta," akasema, ingawa walikuwa rika moja. Daktari Mkubwa aliketi kwenye stuli, akawa mfupi kuliko mama. Mama akaona wodi nzima inatazama. Akafungua kitenge chake cha juu, akafunga ncha moja kwenye kamba ya chandarua changu na nyingine kwenye chuma cha dirisha. Tukawa na chumba.

Ndani ya chumba hicho niliambiwa ugonjwa wangu kwa mara ya kwanza. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekufa, nacho kilikaa ndani kama mbegu ya embe, kikizaa usaha. Wangefungua wakitoe. Kama mfupa uliobaki ungekataa kupona, ndipo wangekata chini ya goti, na wasingekata bila kuja tena kukaa hapo. Mama alipokwama kwenye maneno, mmoja wa wanafunzi, kijana wa Kahama ambaye wiki zote hizo hakuwahi kuonesha kwamba anajua Kisukuma, alikohoa na kuanza kueleza kwa Kisukuma safi kama cha bibi yangu.

"Sasa mama," Daktari Mkubwa akasema, "niambie wewe. Nimesema nini?"

Mama aliyarudia yote, na mbegu ya embe ikiwemo. Alipofika kwenye kukata alisimama, akameza mate, akalisema. Kisha akauliza, "Na yeye umemuuliza? Mguu ni wake."

Daktari Mkubwa akanigeukia. "Shija, unasemaje?"

Jina langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi lakini si kwa hilo. Nikalia kama mtoto wa chekechea, nikasema fungueni.

Walifungua mara mbili. Mara ya kwanza mvua kubwa zilikuwa zinamalizikia, mara ya pili watu walikuwa wameanza kuchuma pamba. Sitaeleza maumivu, kila mtu ana yake. Nitasema tu kwamba siku za kubadilisha bendeji, kijana wa Kahama alikuwa ananiambia kabla ya kila kitu anachotaka kufanya, "Sasa navuta, sasa namwagia maji," na uchungu uliotangazwa una adabu kidogo kuliko unaokuvamia. Mguu ulibaki. Ni mfupi kuliko mwenzake na kifundo hakikunji. Sasa nachechemea kweli, na mtindo wangu umepata cheti.

Sitakudanganya kwamba hospitali ilibadilika ikawa pepo. Siku Daktari Mkubwa alipokuwa safarini, waliomshikia zamu walirudi kwenye Kiingereza na shuka likafunuliwa hadi kiunoni kama zamani. Lakini yeye mwenyewe aliendelea na stuli yake, aliruhusu ndugu mmoja abaki, na kila kitanda alimalizia, "Nimesema nini?" Wodi ilimpachika jina: Bwana Nimesema-Nini. Kitenge cha mama kikawa pazia la wodi, kikahama kitanda hadi kitanda, kikafuliwa na kurudi. Kijana wa pikipiki alijisaidia ndani yake akasema hajawahi kuwa na nyumba nzuri hivyo. Nawe ukilazwa, uliza. Waombe waseme kwa lugha yako, na usimuulize mwenzako wa kitanda cha jirani, hasa kama ni mcheshi.

Siku ya dischaji yangu, ile ya kweli, mama alikuwa anakusanya vitu. Akainama chini ya kitanda, akatoka na katambuga moja. "Hii ya nani?"

Alikuwa nje ya dirisha siku niliposema mbele ya makoti. Hakujua. Daktari hakumwambia, Sista hakumwambia. Ningeweza kusema imesahauliwa na mtu, na ingekuwa kweli. Nilimweleza yote, tangu lile neno "mauti" la yule bwana wa tumbo, kikombe kifuani, makofi, mpaka "utapona, guku". Alisikiliza amesimama, katambuga mkononi. Nilipomaliza aliifunga kwenye gazeti, akaiweka juu kabisa ya mfuko. Tulipofika stendi hakuuliza basi la Geita, la kuturudisha nyumbani. Aliuliza la Maganzo.

Nyumba ya Mzee Luhende iko nyuma ya barabara, karibu na marundo ya mchanga uliochekechwa. Mjane wake alikuwa anaanika viazi kwenye jabali. Mama alisalimia, "Mwangaluka, mayu," wakajibizana salamu za Kisukuma zile ndefu, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kisha mama akanitazama. Nilisema. Nilisimulia nikiwa nimeegemea gongo, na sikuweka hata utani mmoja.

Yule bibi aliuliza jambo moja. "Neno lake la mwisho kwako lilikuwa lipi?"

"Aliniuliza, wamesemaje."

"Nawe?"

"Nilimwambia wamesema utapona."

Alipokea katambuga. Mlangoni ilikuwepo mwenzake, imekaa peke yake, vumbi limeijaa. Akaziweka pamoja, akazisawazisha vidole. "Sina la kukujibu leo, mjukuu," akasema. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya matobolwa, viazi vile vikavu vilivyochemshwa, na karanga. "Kaa ule. Huo mguu unahitaji chakula." Nilikula. Sijawahi kula kitu kizito kama kile. Aliponiita "mjukuu" nilitamani angenitukana.

Siku hizi niko shuleni tena, nimerudishwa darasa. Nataniana na watu, mdomo haujafa. Lakini asubuhi, saa ile ya uji, hata darasani, kuna mtu anageuza kichwa huku na huku akinitafuta. Nimejaribu kumjibu vizuri. Anauliza tena.

Siku ile ya Maganzo tulirudi barabarani kungoja basi. Jua lilikuwa linapiga marundo ya mchanga, na kila kokoto iling'aa kama ndiyo yenyewe. Mama alikuwa anachungulia barabara tu. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, nipige basi. Au nitukane."

Mama akahamisha mfuko kutoka bega hili kwenda lile, na hivi ndivyo alivyosema:

"Sikupigi. Ila ukiulizwa neno usilolijua, sema sijui. Mimi sikusoma, Shija, lakini hilo nalijua."